Rejeta ya Kompyuta Yako: Uhai Wake na Matunzo Yake Hapa Sydney

Rejeta ya shaba iliyooshwa vizuri, ikatiwa maji yanayofaa na kupanguswa vumbi kila msimu, huweza kutumikia kompyuta mbili au tatu zikifuatana. Rejeta hiyohiyo ukiitia maji ya bomba itaanza kuziba mapema, na ukiikaza kwa skurubu ndefu kuliko inavyotakiwa inaweza kutoboka siku hiyohiyo ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuuliza itadumu miaka mingapi, jiulize ni ya madini gani, imetiwa nini, na imefungwa na nani.

Mwongozo huu ni kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Sydney na kuitegemea kompyuta yenye nguvu: mhariri wa video za harusi, mwanafunzi wa usanifu majengo, kijana wa michezo ya kompyuta. Mfumo wa kupoza kwa maji hugharimu pesa za maana, na pesa hizo hupotea kwa uzembe mdogomdogo ambao unazuilika kabisa.

JUA KWANZA UNAYO YA AINA GANI

Kuna aina mbili, na matunzo yake hayafanani.

Ya kwanza ni ile unayoiunga mwenyewe: rejeta, pampu, tangi na mirija, kila kimoja kimenunuliwa peke yake. Rejeta za aina hii kwa kawaida huwa na mirija bapa na mapezi ya shaba nyekundu, na vyumba vya mwisho vya shaba ya njano, vyote vikishikanishwa kwa lehemu. Hii inafunguka, inaoshwa, inajazwa upya. Ukiitendea haki, pampu itakufa kabla yake. Pampu ya D5, ambayo imeenea sana, hukadiriwa saa 50,000 za kazi, yaani chini kidogo ya miaka sita ikizunguka bila kuzimwa. Rejeta haina kitu kinachozunguka wala kusuguana, kwa hiyo haichakai kwa namna hiyo.

Ya pili ni ile iliyofungwa kiwandani: pampu na rejeta vimeunganishwa kwa mirija miwili ya mpira, na maji yamekwisha kutiwa. Nyingi za hizi zina rejeta ya alumini, huku sehemu inayogusa prosesa ikiwa ya shaba. Madini hayo mawili yakikaa katika maji mamoja hulana, na kinachoyazuia ni dawa iliyomo ndani ya maji. Dawa hiyo huchoka. Maji nayo hupungua taratibu kwa kupenya katika kuta za mirija ya mpira, na nafasi yake huchukuliwa na hewa. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 5 au 6. Ichukulie hiyo kuwa ndiyo kadiri ya umri wake, na ukiipata zaidi, shukuru.

KWA NINI SYDNEY INA MAMBO YAKE

Maji ya mfumo hayawezi kupoa chini ya joto la chumba. Rejeta hutupa joto hewani, na hewa ikiwa ya moto, maji yatakuwa ya moto zaidi yake. Mfumo wenye afya, ukifanya kazi nzito, huwa na maji yaliyozidi joto la chumba kwa nyuzi 10 hivi. Chumba cha nyuzi 24 kitakupa maji ya nyuzi 34, nawe hutakuwa na wasiwasi wowote. Sasa kumbuka tarehe 4 Januari 2020, siku Penrith ilipofika nyuzi 48.9. Nyumba isiyo na kiyoyozi siku kama hiyo inaweza kuwa na nyuzi 40 sebuleni. Maji yatafika 50. Pampu ya D5 imewekewa kikomo cha nyuzi 60, na mirija migumu ya plastiki ya PETG huanza kulegea katika joto la karibu na hapo. Rejeta iliyojaa vumbi, ambayo majira ya baridi ilikuwa inajikongoja bila wewe kujua, ndiyo itakayokuangusha siku hiyo. Basi fanya matengenezo yako makubwa Oktoba au Novemba, kabla joto halijaingia.

Jambo la pili ni hewa. Moshi wa mioto ya misituni ya 2019 na 2020 ulilifunika jiji kwa wiki nyingi, na tarehe 23 Septemba 2009 vumbi jekundu kutoka bara liliigeuza Sydney nzima rangi ya kutu. Matukio makubwa kama hayo ni ya nadra, lakini kila moshi unaoingia dirishani huacha masizi, na masizi yakichanganyika na nyuzi za zulia na manyoya ya paka hugandamana kati ya mapezi. Wanaoishi Bondi, Manly au Cronulla wana chumvi ya bahari juu ya hayo, nayo huharakisha kutu kwenye skurubu na kwenye mapezi ya alumini.

Jambo la tatu ni maji. Maji ya Sydney, ambayo mengi yake hutoka bwawa la Warragamba, ni laini, na birika la mtu wa hapa halijengi magamba ya chokaa kama birika la Mombasa. Ulaini huo umewadanganya wengi wakadhani yanafaa kwa rejeta. Bado yana madini, yana dawa ya kuua vijidudu yenye klorini, yana floridi. Katika njia nyembamba za bloku, ile sehemu inayogusa prosesa, kidogo hicho kinatosha kuleta uchafu na kutu.

KIPIMO KIMOJA KINACHOKUAMBIA KILA KITU

Usiipime rejeta kwa joto la prosesa. Joto hilo hupanda na kushuka kwa sababu nyingi: gundi ya joto iliyokauka, programu mpya, mipangilio ya umeme. Kipimo cha rejeta ni tofauti kati ya joto la maji na joto la hewa inayoingia. Ukijifunza hiki peke yake, umejifunza nusu ya kazi.

1. Nunua kihisi cha joto cha kuchomeka kwenye mfumo. Hakijali sana kimekaa wapi. Maji yakizunguka lita 4 kwa dakika na kompyuta ikitoa wati 400, maji yanayoingia kwenye rejeta na yanayotoka hayapishani hata nyuzi 2. Mifumo mingi ya kiwandani huonyesha joto la maji katika programu yake, kwa hiyo huhitaji kununua chochote.
2. Weka kipimajoto cha kawaida karibu na mahali feni zinapovuta hewa.
3. Weka feni kwenye kasi moja isiyobadilika, na pampu vilevile.
4. Ipe kompyuta kazi nzito ileile unayoweza kuirudia kila mara, kwa dakika 30. Maji hupata moto polepole, kwa hiyo usipime mapema.
5. Toa joto la hewa katika joto la maji. Andika jibu pamoja na tarehe, kasi ya feni na kazi uliyoipa.

Fanya hivyo mfumo ukiwa mpya au umetoka kusafishwa, kisha rudia kila miezi mitatu. Tofauti ikiwa nyuzi 9 leo na baada ya muda ikawa 14, kwa kazi ileile na feni zilezile, rejeta haitoi joto kama zamani. Safisha nje kwanza, upime tena. Ikirudi 9, lilikuwa vumbi. Ikibaki 14, tatizo limo ndani: maji hayazunguki vizuri, au njia zimeziba.

KUSAFISHA NJE: KILA MIEZI MITATU

Hii ni kazi ya nusu saa, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

1. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, ipeleke barazani au nje. Vumbi la ndani ya kompyuta si la kupuliziwa chumbani, hasa kama kuna mtoto mwenye pumu.
2. Zuia feni zisizunguke, kwa kidole au kijiti. Feni inayozungushwa na upepo wa nje huweza kuharibu beringi zake na kurudisha umeme kwenye ubao mkuu.
3. Puliza kutoka upande hewa inapotokea kuelekea upande inapoingilia. Vumbi hukwama upande wa kuingilia, na ukilipuliza kutoka huohuo unalisukumia ndani zaidi.
4. Kopo la hewa lishike wima, sentimita 10 au 15 kutoka kwenye mapezi. Likiinamishwa hutoa kimiminika baridi sana.
5. Utandu uliogandamana kama blanketi utoe kwa brashi laini ya rangi, ukifuata mstari wa mapezi. Ukienda kinyume utayakunja.
6. Ikiwa feni zimefungwa upande wa kuingilia, zifungue angalau mara moja kwa mwaka. Mara nyingi kuna tabaka zima limejificha kati ya feni na rejeta, nawe kwa nje unaona pasafi.

Pezi lililopinda linyooshe kwa ncha ya plastiki, taratibu. Machache yakibaki yamelala si neno. Usitumie bomba la maji lenye nguvu wala kompresa ya gereji iliyofunguliwa hadi mwisho, kwa maana mapezi ya shaba ni membamba na hulala mara moja.

KUOSHA NDANI: MARA MOJA KWA MWAKA

Sehemu hii inawahusu wenye mifumo ya kuunga wenyewe. Mwenye mfumo wa kiwandani aruke mbele, asithubutu kuufungua ikiwa hakuna kizibo kilichowekwa na mtengenezaji.

Rejeta mpya kutoka dukani ni chafu ndani. Lehemu huacha mabaki ya dawa ya kuchomelea, na wakati mwingine vipande vidogo vya chuma. Usipoiosha kabla ya kuifunga, mabaki hayo yatayaharibu maji yako mapya na kuziba bloku. Kwa hiyo hatua hizi ni za rejeta mpya na ya zamani pia.

Vifaa: maji yasiyo na madini lita 5 au zaidi, ndoo, karatasi nyeupe za kuchujia kahawa, taulo za karatasi, vizibo viwili vya chuma, glavu nene na maji ya kupozea mapya. Maji yasiyo na madini yanauzwa Bunnings na maduka ya vifaa vya magari kama Supercheap Auto na Repco, kwa wingi na kwa bei ndogo. Hakikisha chupa imeandikwa kuwa ni maji matupu. Walioishi Afrika Mashariki wanajua kwamba jina "maji ya betri" hutumika kwa asidi pia, na asidi ya betri ikiingia katika mfumo wako imekula kila kitu.

1. Chomoa umeme. Fungua kizibo cha juu cha tangi ili hewa iingie, kisha toa maji yote kupitia mahali pa chini kabisa.
2. Yatazame yale maji katika chombo cheupe. Yakiwa na rangi yake ya awali, vema. Maji yaliyokuwa meupe yakawa kijani au samawati yanaonyesha shaba inaliwa, au mwani umeota. Ute au nyuzinyuzi ni uhai wa vijidudu. Unga mweupe au jeli mara nyingi ni alumini inayoliwa; tafuta iko wapi, maana haipaswi kuwemo.
3. Ifungue rejeta, uzitoe feni. Jaza maji ya moto nusu, ya nyuzi 60 hivi na yasichemke, ziba pande zote mbili, vaa glavu, itikise kwa nguvu dakika mbili. Uoshaji wa kwanza unaweza kutumia maji ya bomba, kwa kuwa hayakai.
4. Mimina kupitia karatasi ya kahawa. Karatasi ndiyo ushahidi wako: chembe zikionekana, rudia. Endelea mpaka karatasi itoke safi mara mbili mfululizo.
5. Rejeta ya shaba iliyo chafu sana inaweza kutiwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa muda usiozidi dakika 30, kisha ioshwe mara nyingi. Siki isiguse alumini wala sehemu zilizopakwa nikeli.
6. Suuza mara tatu kwa maji yasiyo na madini pekee, ili maji ya bomba yasibaki kwenye pembe.
7. Kagua oringi, zile pete za mpira kwenye viungio. Iliyokauka, iliyobonyea au yenye ufa itupe. Ni kitu cha senti chache kinacholinda kompyuta nzima.
8. Rudisha rejeta, kaza viungio kwa mkono, kisha robo mzunguko tu kwa kifaa ikihitajika. Kukaza sana hukata oringi na kupasua akriliki.
9. Jaza maji mapya, washa pampu peke yake huku ubao mkuu na kadi ya michoro vikiwa havina umeme. Kuna kiunganishi kidogo kinachouzwa kwa ajili ya kuwasha pawa saplai bila kompyuta, kitumie. Tandaza taulo za karatasi chini ya kila kiungio.
10. Acha izunguke saa 24. Inamisha kompyuta huku na huku mwanzoni ili hewa itoke. Taulo zikiwa kavu kesho yake, unganisha umeme wote.

Kuhusu maji yenyewe, msimamo wangu hautikisiki: nunua maji ya kupozea yaliyotengenezwa kwa kazi hii, yasiyo na rangi nzito. Yana dawa ya kuzuia kutu na ya kuua vijidudu kwa kipimo sahihi. Yale mazito kama rangi ya ukuta, yanayovutia katika picha, yana chembe zinazoelea, na chembe hizo siku moja hutua kwenye njia nyembamba za bloku. Rangi ukiitaka, chukua mirija ya rangi au taa. Muda wa kubadilisha umeandikwa kwenye chupa. Usipouona, badilisha kila mwaka.

Maji ya zamani usiyamwage kwenye mfereji wa barabarani. Mifereji ya mvua ya Sydney huishia mitoni na baharini bila kusafishwa. Maji mengi ya kupozea yana glikoli, na aina ya ethilini ni sumu yenye utamu unaovutia mbwa na watoto. Yafunge kwenye chupa, uandike jina, uyapeleke siku za makusanyo ya kemikali za majumbani zinazoandaliwa na serikali ya New South Wales; halmashauri yako itakuambia tarehe.

| MAKOSA YANAYOUA REJETA MAPEMA
| • Skurubu ndefu. Feni ya unene wa milimita 25 huhitaji skurubu ya milimita 30 tu. Ya 35 inaweza kutoboa mrija wa maji. Pima kabla ya kukaza.
| • Kuchanganya rejeta ya alumini na bloku ya shaba katika mfumo wa kuunga mwenyewe.
| • Kuongeza maji ya bomba "kwa leo tu" kimo kinapopungua.
| • Kuchanganya maji ya watengenezaji wawili. Dawa zake zinaweza kugombana na kuganda.
| • Kusafisha tangi la akriliki kwa spiriti. Litapasuka nyufa ndogondogo.
| • Kuendelea kutumia mirija laini inayoonekana ndani iliyogeuka kuwa na ukungu. Mafuta ya plastiki hutoka na kuziba bloku. Mirija myeusi ya mpira wa EPDM haina tabia hiyo.

MFUMO WA KIWANDANI

Hapa kazi yako ni mbili: vumbi na mkao. Hewa iliyojikusanya ndani hupanda juu, kwa hiyo sehemu ya juu ya rejeta lazima iwe juu kuliko pampu. Pampu ikiwa ndiyo ya juu kabisa, hewa itakaa ndani yake, itanguruma na kufa.

Dalili kwamba mwisho umekaribia ni mlio wa maji yanayobubujika hata baada ya siku kadhaa, joto la prosesa linalopanda ghafla dakika chache baada ya kuwasha, mrija mmoja wa moto na mwingine wa baridi kabisa, au doa la unyevu au chumvichumvi penye maungio. Doa la namna hiyo ukiliona, zima siku hiyohiyo.

Mfumo ukivuja mapema, zijue haki zako. Sheria ya Walaji ya Australia, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2011, inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaokubalika, na kudumu kwa muda wa kuridhisha ni sehemu ya ubora huo. Haki hiyo ni tofauti na dhamana ya mtengenezaji, na haifutiki kwa sababu tu dhamana imekwisha. Kadi ya michoro iliyoharibiwa na maji hayo nayo unaweza kuidaia fidia.

1. Piga picha kabla ya kufuta tone lolote.
2. Mwandikie muuzaji, ukiambatanisha risiti. Muuzaji hapaswi kukufukuza akuambie uende kwa mtengenezaji.
3. Akikataa, peleka malalamiko NSW Fair Trading. Kama Kiingereza cha kisheria kinakusumbua, piga TIS National 131 450, uombe mkalimani wa Kiswahili.

KABLA YA KUNUNUA YA MTUMBA AU KUTUMA NYUMBANI

Rejeta za mtumba kwenye Gumtree ni nyingi na nyingine ni nzuri sana. Nenda na tochi. Angalia matundu ya skurubu kama mrija ulio nyuma yake una kovu. Angalia nyuzi za mahali pa kuunganishia. Sugua ndani ya tundu kwa kitambaa cheupe: kahawia hafifu ni kawaida ya shaba, kijani chenye unga si kawaida. Uliza ilitiwa maji gani, na anayeiuza asipojua, ioshe kana kwamba ilitiwa mabaya kuliko yote.

Unayemtumia ndugu yako kompyuta Mombasa au Dar kwa meli, toa maji yote, acha mfumo ukauke, ziba matundu, na mwambie asiwashe kabla ya kujaza. Mwekee chupa ya maji ya kupozea yaliyokolezwa na mweleze wazi anunue maji yaliyotoneshwa ya kuyachanganyia. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi nyingi kuliko ya hapa, nayo yataimaliza rejeta uliyoitunza kwa miaka.

ORODHA YA MWAKA

☐ Februari: pangusa vumbi, pima tofauti ya joto.
☐ Mei: pangusa vumbi, pima, tazama kimo cha maji.
☐ Agosti: pangusa vumbi, pima, tazama rangi ya maji.
☐ Oktoba au Novemba: fungua, osha ndani, badilisha maji na oringi mbovu, jaribu saa 24, pima na uandike upya.
☐ Baada ya moshi wa misituni: pangusa wiki hiyohiyo, usingoje mwezi wake.

Rejeta ya shaba ikifika mwisho, kwa sababu imetoboka au imeziba kabisa, usiitupe kwenye pipa jekundu. Wanunuzi wa vyuma chakavu huichukua kwa bei ya shaba. Mfumo wa kiwandani peleka kwenye makusanyo ya taka za elektroniki ya halmashauri yako. Na kama hujawahi kupima tofauti ya joto la maji na hewa katika kompyuta yako, pima wikendi hii, uandike namba hiyo mahali utakapoiona tena.